Gunia Lenye Uzito wa Paulina

"Badilisheni bega," nilisema.

Wanaume wanne waliokuwa chini ya miti ya kitanda walipunguza mwendo. Wanne wengine wakaingia kutoka pembeni, mmoja mmoja, na kitanda hakikugusa ardhi. Nikatazama saa ya mkononi. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Nikaandika kwenye daftari: *Badiliko la saba. Sekunde arobaini.*

"Andika na mgonjwa hajambo," alisema Mwinshehe, mwenyekiti wetu wa kijiji, huku akijifuta jasho shingoni kwa kofia yake. "Leo Paulina ametulia. Tangu tutoke hajaomba hata maji."

"Mwache mke wangu, mwenyekiti," alisema Mathayo aliyekuwa amebeba upande wa kichwani.

"Namsifu. Ungekuwa wewe juu hapo tungeshasikia habari za mgongo wako mpaka basi."

Wenzao wakacheka, na Mathayo naye akacheka kidogo. Juu ya kitanda cha kamba, chini ya khanga ya Paulina, palikuwa na gunia la mahindi.

Jana yake jioni tulimpima Paulina kwenye mzani wa ghala la kijiji. Alikuwa kilo sitini na nne pamoja na mtoto wa miezi minane tumboni. Yeye mwenyewe alitaka kupanda kitandani. Alisema kama wakubwa wanataka kujua mgonjwa anafikaje hospitali, wamwone yeye akifika. Mkunga wa zahanati alikataa. Tukajaza gunia, tukaliweka mzanini, tukapunguza mahindi kibaba baada ya kibaba mpaka sindano ikasimama palepale iliposimama kwa Paulina. Ndipo akavua khanga ya begani akatupatia. "Mfunikeni," alisema. "Msinipeleke Kilosa uchi."

Tuliondoka kijijini Mlunga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumatano. Walikuwa wabebaji wanane, na mimi wa tisa, mwenye saa na daftari. Kutoka kwetu mpaka hospitali ya Kilosa ni kilomita arobaini na moja kwa barabara. Kazi yetu ilikuwa kupata namba moja tu: mtu asiyeweza kutembea anachukua muda gani kufika huko kama hakuna gari.

Namba hiyo ilitakiwa na barua. Mimi si mwepesi wa hasira, na barua ile niliisoma mara nne kabla sijasema neno. Ilitufikia wiki mbili nyuma, kutoka kwa kamati inayogawa magari ya vijiji. Ilisema: "Kwa kuwa muda wa safari kati ya Kilosa na Mikumi, kwa mujibu wa takwimu zilizokusanywa uwanjani, ni dakika kumi na tisa, na kwa kuwa kijiji chenu kiko katikati ya vituo hivyo, kijiji kinahesabiwa kuwa ndani ya dakika kumi za hospitali." Kwa hiyo Landrova ya wagonjwa ingeondolewa kwetu ipelekwe penye mahitaji makubwa zaidi. Mwenye pingamizi alitakiwa kulileta kwa maandishi, likiwa na takwimu, kabla ya kikao cha Ijumaa saa tatu asubuhi.

Mwinshehe alipoisoma mbele ya mkutano wa kijiji, watu walifikiri amekosea. Wakamtaka arudie. Aliporudia, mama mmoja aliuliza kama hizo dakika kumi ni za hapa Tanzania.

Lakini Mathayo hakuuliza kitu. Tulipohamishwa kutoka kwenye mashamba yetu ya zamani, mwaka uliopita, tuliambiwa kwamba Mlunga kutakuwa na zahanati na gari la wagonjwa. Wengi walisitasita. Mathayo alikuwa wa kwanza kubomoa nyumba yake kwa mikono yake, akabeba milango yake kichwani. Kabla ya hapo mtoto wake wa kwanza alikuwa amezaliwa njiani kwenda hospitali, juu ya kitanda kama hiki, mbele ya watu wanane, na hakulia. Mathayo hakuhama kwa ajili ya maneno ya mkutanoni. Alihama kwa ajili ya gari. Gari lilikuja kweli, na kwa miezi kumi na mmoja lilibeba watu thelathini na wawili. Sasa Paulina alikuwa na mimba nyingine, mtoto wa kuzaliwa mvua zikianza.

Kuna jambo ambalo wale wanane hawakulijua. Nilijua takwimu zile zilikusanywa uwanja gani, na zilitolewa na nani.

Mimi ni mtu wa Mlunga, lakini kazi yangu iko Kilosa, kwenye uwanja mdogo wa ndege. Nafyeka majani, nafukuza mbuzi, natundika mfuko wa upepo, na ndege ikija nawasha moshi ili rubani auone upepo unatoka wapi. Sikusoma sana. Saa nilijifunza mwenyewe kwa kuitazama ile ya stesheni, na hesabu ya wastani nilijifunza kwenye kitabu kilichosahauliwa na abiria. Mwenzangu Rafaeli anatunza uwanja wa Mikumi. Tulikubaliana, bila kutumwa na mtu, kwamba mimi niandike dakika ndege inapoacha ardhi, na yeye aandike dakika inapogusa. Rubani alitubebea vikaratasi vyetu akitabasamu. Kwa miaka mitatu nilikuwa na safari mia moja na kumi na mbili daftarini. Iliyokwenda haraka ilichukua dakika kumi na saba, iliyochelewa ishirini na nne. Wastani, kumi na tisa.

Mwezi wa Julai alikuja uwanjani Ndugu Theodory, katibu wa kamati ile, kijana msafi mwenye mkoba. Alikuwa anasubiri ndege. Akaniuliza, "Mzee, kutoka hapa mpaka Mikumi ni muda gani?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilifungua daftari langu nikamwonyesha kurasa zote. Alinisifu. Alisema nchi inahitaji watu wa namna yangu, wenye takwimu. Akanakili ile namba kumi na tisa kwenye karatasi yake, na mimi siku nzima nilitembea nimenyoosha mgongo.

Kila nilipoifikiria siku hiyo njiani, nilijipa sababu. Aliniuliza akiwa amesimama uwanjani, kando ya ndege. Ningejuaje kwamba anauliza habari za magari? Ilikuwa sababu nzuri, ila sikuweza kumwambia Mathayo.

Karibu na saa tatu tulikutana na mzee mmoja anatoka upande wa Kilosa, jembe begani na kikapu cha miche mkononi. Alipoona kitanda hakutusalimia kwanza. Aliweka jembe na kikapu pembeni mwa barabara, akavua koti, akaingia chini ya mti akampokea mbebaji wa nyuma. Kwetu ndivyo ilivyo. Mwanamume akikutana na kitanda njiani hapiti. Anabeba mpaka pumzi imwambie basi, hata kama anakwenda msibani kwake.

"Shikamoo, mzee," tulisema.

"Marahaba, wanangu. Poleni. Naitwa Marko. Ni nani huyu?"

Tukatazamana. Mwinshehe akasema, "Ni wa Mlunga, mzee. Tutaeleza."

Mzee Marko alibeba hatua kama mia tatu. Alikuwa mwembamba na alihema, lakini mwendo wake ulikuwa sawa. Kisha akasema, "Hagumi kwa maumivu. Mgonjwa asiyeguma yuko hatarini. Simameni nimsalimie," na kabla hatujasema lolote, alinyoosha mkono akainua pindo la khanga.

Aliliona gunia. Akarudisha khanga polepole kama alivyoikuta, akatoka chini ya mti.

"Nina miaka sabini na moja," alisema. "Nimebeba vitanda tangu nilipoota ndevu. Nimebeba watu niliowapenda na wengine niliowachukia. Leo ndiyo mara ya kwanza nimebebeshwa chakula cha kuku kwa kudanganywa."

"Mzee Marko, hatukukudanganya," nilisema.

"Wewe mwenye daftari ndio usiseme. Mmefunika mahindi kwa nguo ya mwanamke. Mnacheza mchezo wa kitanda barabarani, na mvua haijanyesha, na watu wana kazi."

Mwinshehe alimweleza. Alieleza vizuri, bila kuongeza chumvi, na alipofika kwenye maneno "ndani ya dakika kumi za hospitali" nilimwona mzee akitazama barabara tuliyotoka, kisha ile aliyotoka yeye, kama mtu aliyeangusha kitu akawa anakitafuta.

"Mimi nimeondoka jirani na Kilosa jana asubuhi," alisema. "Nina miguu miwili mizima. Nimelala njiani."

"Ndiyo maana tunapima, mzee."

"Na aliyeandika hiyo barua, yeye alipita hapa?"



Alirudi chini ya mti. Nikamwambia, kwa heshima yote, kwamba tunashukuru, ila msaada wake utaharibu kipimo, kwa sababu tulikwisha andika wabebaji wanane. Alinitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyepanda dari.

"Mwanamke huyo mnayempima, siku atakayobebwa kweli, mimi nitampita?"

Nilifikiri. Alikuwa na haki. Niliandika: *Mzee Marko, mbebaji wa tisa, saa tatu na dakika mbili mpaka saa tatu na dakika ishirini na sita.* Alibeba dakika hizo zote ishirini na nne. Alipoacha aliniambia niandike jina lake kwa herufi kubwa, na kama kamati haimwamini waje wamuulize, mradi waje kwa miguu.

Saa nne kasoro dakika tatu nikaisikia ndege.

Wengine hawakuisikia mapema kama mimi. Masikio yangu yana kazi hiyo. Ilitokea juu ya vilima vya kaskazini, ndogo, nyeupe, ikapita karibu kabisa na vichwa vyetu ikielekea Mikumi. Na mkono wangu, bila kuniomba ruhusa, ukageuza saa.

"Imeacha ardhi Kilosa dakika tisa zilizopita," nilisema. "Baada ya dakika kumi itakuwa imetua."

Nilikuwa nimezoea kumwambia mbuzi maneno kama hayo. Lakini Mathayo alikuwa bega kwa bega nami. Alisimama, na kitanda kizima kikalazimika kusimama.

"Tisa na kumi," alisema. "Kumi na tisa."

Nilifunika saa kwa kiganja.

"Kaka Kornelio. Namba ile ya barua ni ya ndege?"

"Ni ya ndege."

"Umejuaje?"

Ningeweza kusema nimekisia. Nilisema, "Niliitoa mimi. Aliniuliza uwanjani, nikampa. Ni hesabu yangu ya miaka mitatu. Hakuuliza inatumika kwa kitu gani, na mimi sikuuliza."

Tukiwa wote tumesimama, ndege ile ilizidi kuwa ndogo mpaka ikapotea. Ndani yake, kwa kawaida, huwamo wageni wanaokwenda kutazama tembo. Haijawahi kutua Mlunga, kwa kuwa Mlunga hakuna uwanja. Inapita juu ya paa la zahanati yetu mara mbili kwa wiki, na ndiyo hiyo iliyohesabiwa kuwa inatupeleka hospitali.

"Kwa hiyo Paulina angerushwa," alisema Mwinshehe, "halafu rubani adake."

Mathayo alinigeukia.

"Wiki mbili unajua," Mathayo aliniambia. Hakupaza sauti. "Umekula kwangu Jumapili. Paulina amekupakulia."

"Nilijua."

"Ulikuwa unangoja nini?"

Nilikuwa nangoja namba. Ndivyo nilivyo. Nilidhani nikifika Kilosa na namba ya kweli, ile ya kwanza itafutika na nisiulizwe ilitoka wapi. Nilimwambia hivyohivyo.

Mathayo alitoka chini ya mti akanyoosha mkono. "Lete daftari. Na saa." Nikampa. "Sasa ingia wewe."

Niliingia. Nimefyeka majani maisha yangu yote na nilijiona mtu mwenye nguvu. Baada ya hatua mia mbili mti ulikuwa umenila bega mpaka mfupa. Kilo sitini na nne kwa karatasi nilizijua, nilizipima mwenyewe. Kwa bega sikuzijua hata kidogo, na ndani ya gunia kulikuwa na mahindi tu, ambayo hayashiki ukingo wa kitanda, hayaombi msimame, hayamwiti mama. Hasira niliyokuwa nimeiweka pembeni kwa wiki mbili ilinipanda pale chini ya mti. Kijana yule alikuwa na mkoba, na shule, na gari lililomleta uwanjani. Barabara hii ilikuwa hapahapa. Asingehitaji hata kubeba. Angekuja tu akatazama.

Mathayo alitembea mbele na daftari. Alijifunza kuandika katika kisomo cha watu wazima, na mkono wake ulikuwa bado mzito. "Badilisheni bega," alisema muda ulipofika, akasimama katikati ya barabara akichora namba moja moja, nasi tukamsubiri.

Tulivuka mto mkavu saa saba, mchanga hadi vifundoni. Tukapumzika dakika ishirini; Mathayo akaziandika. Saa tisa na dakika kumi alasiri tulisikia gari nyuma yetu, na wote tulilijua kwa mlio kabla ya kugeuka. Ilikuwa Landrova yetu.

Dereva wake, Vitalis, alisimamisha upesi, akaruka chini, akafungua mlango wa nyuma. Hata yeye alikuwa ni mtu wa kwetu. Kwanza alifungua mlango, ndipo akauliza. "Nani tena? Kwa nini hamkunisubiri? Mpandisheni."

"Unakwenda wapi, Vitalis?" aliuliza Mwinshehe.

Vitalis alitazama gunia lililochungulia upande mmoja wa khanga, akaelewa, akashusha macho. "Nimeletewa ujumbe leo saa nne. Nikabidhi gari Kilosa kabla ya jioni."

"Kikao ni Ijumaa."

"Najua, mwenyekiti. Walisema kikao ni cha kuthibitisha tu."

Nyuma ya gari palikuwa na machela mbili, tupu, na blanketi la kijivu limekunjwa vizuri. Upepo wa barabarani uliingia ukalipeperusha pindo. Mathayo alikwenda mpaka mlangoni. Aliweka kiganja chake juu ya machela, akakiondoa.

"Kwa hiyo kamati hii," alisema Mwinshehe taratibu, "ilitwambia tulete takwimu, halafu ikaja kuchukua gari wakati takwimu ziko njiani."

"Mimi ni dereva tu, mwenyekiti. Nimeambiwa nisipofika nitahesabiwa nimeiba mali ya umma." Sauti ya Vitalis ilikuwa ya mtu aliyekwisha kugombana na nafsi yake kutoka Mlunga mpaka pale. "Pandeni basi wote. Baada ya saa moja na nusu tutakuwa tumefika. Mtawahi ofisi kabla haijafungwa."

Wabebaji walinitazama mimi, kisha wakakumbuka, wakamtazama Mathayo. Mabega yao yalikuwa yamevimba. Hakuna ambaye angelaumiwa kwa kupanda.

"Tukipanda," alisema Mathayo, "tutaandika nini?"

Alifungua daftari, akampa Vitalis kalamu. "Andika hapa. Umetupita saa ngapi, umebeba nini. Tia sahihi."

Vitalis aliegemea boneti akaandika: *Saa 9.10 alasiri. Gari tupu.* Akatia sahihi. Kisha, bila kuambiwa, akaandika hayohayo kwenye kitabu cha safari cha gari, ambacho kamati lazima ingekisoma. Akafunga mlango wa nyuma kwa mikono miwili, polepole, akaondoka. Vumbi lilikaa hewani muda mrefu. Tulibaki tumesimama hadi tulipoweza kuona barabara.

"Andika na vumbi," alisema Mwinshehe, akaingia chini ya mti.

Jua lilipokuwa linazama tulifika kwenye kijiji kingine cha barabarani. Tulikuwa tumekwenda kilomita ishirini na saba. Mbele palikuwa na pori la nyati, na wenyeji walituambia kwamba jioni hakuna anayelipita kwa miguu. Mmoja wa wabebaji aliuliza kama kulala ni halali, kwa kuwa saa za kulala mgonjwa hatembei.

"Nyati wanamwondokea mgonjwa wa kweli?" aliuliza Mathayo. "Naye angelala hapa. Saa zote zinaandikwa."

Tuliomba baraza la ghala lao, tukapewa, na uji. Mimi bega langu lilikataa kunyanyua kikombe. Mwinshehe alinishikia akisema kwamba sasa kweli tuna mgonjwa. Mathayo hakunicheka wala hakunisemesha. Alikuwa anatazama kitanda kilichowekwa ukingoni mwa baraza. Baadaye alikwenda kuomba ufunguo, akalibeba gunia peke yake kifuani, akaliingiza ndani ya ghala, akalifunika khanga.

"Umande," alisema alipoona tunamtazama.

Akaketi karibu na taa, akafungua daftari langu juu ya goti. Ilimchukua muda. Alipomaliza alinisogezea, akanipa neno la kwanza tangu asubuhi. "Tazama kama nimekosea."

Aliandika kwa herufi kubwa, nyingine zimepinda: *SAA 12 NA DAKIKA 5 JIONI. TUMESIMAMA. SAA 11 NA DAKIKA 35 TANGU MLUNGA. MGONJWA HAJAFIKA.*

Nilihesabu kwa vidole. Hakukosea.

"Kesho tunaanza saa ngapi?" aliuliza.

"Kumi na mbili na nusu. Zimebaki kilomita kumi na nne."

"Nani anaanza upande wa kichwani?"

"Mimi," nilisema.

Alichukua kalamu akaliandika jina langu kwenye mstari wa kesho, akaacha nafasi tupu mbele yake kwa ajili ya saa.